Huoza Lini? Hoja Dhidi ya Lebo Isiyo na Siku

Juma lililopita niliandika ubaoni sentensi niliyoinakili kutoka kwenye lebo ya chupa ya sabuni ya maji iliyonunuliwa katika duka la mtaani hapa Kigali. Ilisema hivi: sabuni hii huoza kwa urahisi katika maji na ni rafiki wa mazingira. Niliwaomba wanafunzi wangu waichanganue kama tunavyochanganua sentensi yoyote: kiima ni kipi, kiarifu ni kipi, wakati ni upi, mtenda ni nani. Walianza kwa haraka, kisha wakanyamaza. Hatimaye msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akasema, "Mwalimu, kinachooza tunakiona, lakini anayekiozesha hatumwoni."

Jibu hilo lilistahili alama zote, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Nakusudia kuonyesha kwamba lebo ile, pamoja na dada zake wote waliopangwa kwenye rafu za masoko yetu, inatumia sarufi ya Kiswahili kuficha jambo ambalo sayansi imeshajifunza kulipima kwa siku na kwa asilimia. Nadai pia kwamba maneno hayo yapigwe marufuku yanapoandikwa peke yake, bila kipimo.

Tuanze na kitenzi. Mnakumbuka kwamba kiambishi hu- cha mazoea hakibebi kiambishi cha nafsi wala hakionyeshi wakati mahususi. Tunasema jua huchomoza mashariki, mvua hunyesha mwezi wa nne, na hakuna anayeuliza saa ngapi, kwa kuwa hayo ni mambo ambayo kila mtu ameyaona kwa macho yake. Hu- ni ya ukweli uliokwisha kuthibitika. Sasa mwenye kiwanda anachukua kiambishi hicho chenye heshima na kukivisha madai ambayo wewe mnunuzi hujayaona na huwezi kuyaona. Sabuni huoza. Lini? Kesho, baada ya mwezi, au wajukuu wangu watakapostaafu? Hata mwamba wa Mlima Kigali humomonyoka, ukiupa muda wa kutosha.

Kisha tazameni kauli yenyewe. Kuoza ni kitenzi kisichodai mtenda, kwa maana embe linaoza lenyewe, au ndivyo tunavyoliona jikoni. Kwa kweli embe haliozi lenyewe, bali linaozeshwa, na wanaoliozesha ni bakteria na kuvu, viumbe wadogo ambao kazi hiyo kwao ni mlo. Bila viumbe hao embe lingekauka tu. Kwa hiyo sentensi ya kweli ingekuwa katika kauli ya kutendwa: sabuni hii huozeshwa na bakteria fulani, mahali fulani, kwa siku kadhaa, kwa kiasi fulani. Hapo lebo ingekuwa imeanza kusema kitu.

(Hapa niwakumbushe mtego ambao huwanasa wengi wenu kila muhula. Kwa Kinyarwanda kubora ni kuoza, na ndiyo maana mitaani tunatenganisha imyanda ibora na imyanda itabora. Kwa Kiswahili bora ni kilicho kizuri kupita vingine. Nilipata kusahihisha insha iliyosifu matunda bora ya Rwanda, nikasita kidogo kabla ya kujua mwandishi alikuwa akiyasifu au akiyashitaki. Lebo zetu zimefanya kosa hilohilo kwa makusudi: zimetaka ibora isomeke kama bora.)

Kuna wakati duniani ambapo watu hawakuuliza swali hili la lini, na mito ikawajibu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ulaya na Marekani ziliacha kwa kiasi kikubwa sabuni za mafuta ya wanyama na mimea, zikahamia kwenye sabuni za unga zilizotengenezwa kwa mazao ya petroli. Dutu iliyotumika zaidi kulegeza mafuta na kufanya povu ilikuwa na mnyororo wa kaboni wenye matawi mengi. Kwa mfuaji hilo halikuwa na maana yoyote, kwani nguo zilitakata. Lakini bakteria hula mnyororo wa kaboni kwa kuanzia ncha na kuutafuna hatua kwa hatua, na matawi yale yalikuwa kama miiba kwenye samaki. Waliushindwa. Katika miaka ya 1950 povu likajikusanya kwenye mito ya Ujerumani, Uingereza na Marekani, likafunika mabwawa ya kusafishia majitaka, na pengine likatoka kwenye bomba la jikoni pamoja na maji ya kunywa.

Ujerumani ya Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, ikaanza kutumika mwaka 1964, ikidai kwamba dutu za kutoa povu ziweze kuharibiwa na vijidudu kwa kiwango cha angalau asilimia 80. Nchini Marekani viwanda vyenyewe vilibadilisha malighafi kufikia mwaka 1965. Mnyororo wenye matawi ukaondolewa na mahali pake ukawekwa mnyororo ulionyooka, ambao bakteria waliutafuna bila taabu, na povu likapungua mitoni. Angalieni kilichotokea hapo. Neno zuri kwenye pakiti halikusafisha mto hata mmoja. Mito ilisafika pale namba ilipoandikwa ndani ya sheria, pakawa na njia ya kuipima.

Njia hiyo leo ina miongozo inayojulikana karibu dunia nzima, nayo ni ile ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD. Mwongozo wake namba 301, unaohusu kemikali zinazoozeshwa kwa urahisi katika maji, ulipitishwa mwaka 1981 na kufanyiwa marekebisho mwaka 1992. Una mbinu 6, kuanzia A hadi F. Sitazieleza zote, maana tofauti zake ni za mafundi wa maabara: moja inapima kaboni iliyobaki majini, nyingine hewa ya kaboni dayoksidi inayotoka, nyingine oksijeni inayotumika. Nitaeleza wazo lake, kwa sababu wazo hilo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kulishika, na akilishika hatadanganywa tena na lebo.

Chukua maji yenye chumvichumvi chache ambazo bakteria wanazihitaji, lakini yasiyo na chakula. Tia humo kemikali unayoichunguza, iwe ndiyo chakula pekee. Tia bakteria wachache waliotoka kwenye mtambo wa majitaka, mtoni au katika udongo. Weka chupa gizani, kwenye joto la nyuzi 22 hivi, ili mwani usije ukakua na kuvuruga hesabu. Kisha subiri siku 28, ukipima. Kama bakteria wanaila kemikali, watatumia oksijeni na kutoa kaboni dayoksidi, kama sisi tunavyofanya baada ya kula. Kwa kuwa mkemia anajua kemikali ile ina kaboni kiasi gani, anaweza kukokotoa oksijeni ambayo ingetumika kama ingeliwa yote, halafu akalinganisha na iliyotumika kweli.

Ili kemikali ihesabiwe kuwa inaozeshwa kwa urahisi, ni lazima ifikie asilimia 60 ya oksijeni au kaboni dayoksidi iliyotarajiwa, au asilimia 70 ikiwa kinachopimwa ni kaboni iliyoondoka majini. Mtauliza kwa nini si 100. Mtoto akila sahani ya ugali, sehemu ya ugali huo anaipumua nje kama hewa, na sehemu inageuka kuwa nyama na mifupa yake. Bakteria nao ni vivyo hivyo: sehemu ya kaboni wanaipumua, sehemu wanajijengea miili. Asilimia 60 iliyopumuliwa ni dalili kwamba chakula kimekwisha au kimekaribia kwisha.

Zaidi ya hayo kuna sharti ambalo mimi, kama msahihishaji wa mitihani, nalipenda kuliko yote. Katika nyingi ya mbinu hizo, saa inaanza kuhesabiwa siku ambayo asilimia 10 imefikiwa, na kuanzia hapo kemikali ina siku 10 tu za kufikia kiwango cha kufaulu. Haitoshi kujikokota hadi siku ya 28. Lazima, ikishaanza kuliwa, iliwe kwa kasi. Tena bakteria hawaruhusiwi kuwa wamezoezwa kwanza kuila kemikali hiyo, kwani hiyo ingekuwa sawa na kuwapa watahiniwa karatasi ya mtihani usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Mtihani huu pia unamtahini mtahini, jambo ambalo ningependa liwepo katika mambo mengi ya nchi zetu. Pembeni ya chupa za kemikali huwekwa chupa zenye bakteria bila kemikali yoyote, ili ijulikane wao wenyewe wanapumua kiasi gani wakiwa na njaa. Huwekwa pia chupa zenye kitu kinachojulikana kwamba huliwa kwa urahisi, kwa mfano sodiamu benzoeti. Kama kitu hicho hakijafikia kiwango cha kufaulu ndani ya siku 14, basi jaribio lote linatupwa, kwa maana tatizo liko kwa bakteria au kwa mpimaji. Na panaweza kuwekwa chupa yenye vyote viwili, ili ionekane kama kemikali mpya inawaua wale walaji. Kemikali isiyoliwa kwa sababu ni ngumu na kemikali isiyoliwa kwa sababu imewaua walaji wake ni habari mbili tofauti.

Sasa rudini kwenye lebo. Huoza kwa urahisi katika maji. Je, ilifanyiwa mojawapo ya mbinu hizi 6? Ilipata asilimia ngapi? Kilichopimwa ni sabuni yote, au kiungo kimoja kati ya kumi, huku rangi na manukato vikipita mlango wa nyuma? Au pengine kilichofanyika ni jaribio jepesi zaidi, lile la kundi la 302, ambapo bakteria hurundikwa kwa wingi ili kuona tu kama kuna uwezekano wowote wa kemikali kuliwa? Jaribio hilo lina kazi yake halali, lakini kulifaulu hakukupi haki ya kutumia maneno kwa urahisi. Lebo haijibu hata swali moja kati ya haya.

Kuna udanganyifu mwingine unaojificha ndani ya neno kuvunjika, ambalo baadhi ya lebo hulitumia badala ya kuoza. Kikombe kikivunjika hakitoweki. Una vigae. Zipo dutu za sabuni zinazoitwa etoksileti za nonilfenoli, ambazo zilitumika sana duniani. Ukizipima kwa kuuliza tu kama molekuli ya awali bado ipo, zinafaulu, kwa kuwa bakteria hukata mkia wake mapema. Lakini kinachobaki ni nonilfenoli, kigae kilicho sumu zaidi kwa samaki na kinachodumu zaidi kuliko kikombe chenyewe. Umoja wa Ulaya ulizibana dutu hizo katika sabuni kwa agizo la mwaka 2003. Mwaka 2004 ukatunga kanuni namba 648 inayodai kwamba dutu za kutoa povu zioze hadi mwisho, yaani zigeuke kuwa hewa, maji na chumvi, kwa asilimia 60 au zaidi ndani ya siku 28. Mtengenezaji ndiye mwenye jukumu la kuwa na ushahidi. Mnunuzi wa Ulaya anauziwa namba, na mnunuzi wa Kimironko anauziwa kivumishi.

Hapa najua nitajibiwa. Nimeshajibiwa hata katika chumba cha walimu. Mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniambia kwamba Rwanda haina haja ya kufundishwa na mtu kuhusu mambo haya. Tulipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, miaka 9 kabla ya Kenya na 11 kabla ya Tanzania Bara, na mwaka 2019 tukaongeza vitu vya plastiki vya kutumia mara moja. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka kwa umuganda. Mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Kanombe anaondolewa mfuko wake wa plastiki. Tunataka nini tena?

Nakubaliana naye kwa kila neno, na ndiyo maana nina wasiwasi. Marufuku ile ilifanikiwa kwa sababu mfuko unaonekana. Unapepea kwenye mti, unaziba mfereji, unakutwa tumboni mwa ng'ombe. Macho yetu ndiyo yaliyokuwa maabara. Kemikali iliyoyeyuka majini haipepei. Haiokotwi kwa umuganda. Nchi iliyozoea kuhukumu usafi kwa macho iko katika hatari ya pekee ya kuamini kwamba maji yanayoonekana safi ni safi, na mfanyabiashara mwerevu anaijua hatari hiyo. Anajua pia kwamba katika nchi yenye marufuku, neno huoza ni pasipoti. Ulaya walilazimika kupiga marufuku, kwa agizo la mwaka 2019, zile plastiki zilizotiwa kemikali ya kuzifanya zisambaratike, kwa sababu zilisambaratika kweli, zikawa vumbi la plastiki, na waliokuwa wakiziuza walisema zinaoza. Na hata mifuko iliyofaulu kipimo halali cha kugeuka mboji hupimwa kwa masharti ya mtambo wa kiwandani wenye joto la nyuzi 58 hivi. Nani kati yenu ana nyuzi 58 katika shimo la taka la nyumbani kwao?

Jibu la pili nililolipata ni la upande wa fedha, nalo nalichukulia kwa uzito zaidi. Kuna akina mama wanaochanganya sabuni ya maji katika madumu na kuuza rejareja. Ukiwadai vyeti vya maabara, utawafungia riziki huku viwanda vikubwa vikipita. Hoja hiyo ni ya haki, lakini imekosea anwani. Mama anayechanganya sabuni hatengenezi ile dutu ya povu. Anainunua ikiwa tayari kwenye pipa, kwa mwagizaji. Kemikali ikipimwa mara moja, matokeo yake yanaifuata kila inapokwenda, kama cheti cha kuzaliwa. Anayepaswa kudaiwa cheti ni anayeileta ndani ya nchi au anayeiunda, na mama naye apewe nakala bila malipo pamoja na pipa lake. Kwa sasa mama huyo ndiye anayedanganywa wa kwanza, tena mikono yake ndiyo inayozama humo.

Na msiniambie kwamba majaribio haya ni ya mataifa tajiri pekee. Baadhi ya mbinu zinahitaji mashine za bei. Lakini mbinu ya D, ile ya chupa iliyofungwa, inahitaji chupa zilizojazwa hadi mdomoni pasibaki hewa, matone machache ya maji yenye bakteria, giza, joto lisiloyumba, na namna ya kupima oksijeni iliyoyeyuka. Maabara yoyote inayopima majitaka tayari ina karibu vyote hivyo. Kinachohitajika zaidi ni uangalifu na uvumilivu wa siku 28. Hata joto la Kigali halipishani sana na lile la maabara. Mungu ametupa mji wenye nyuzi za mtihani.

Lakini sitaki nanyi mtoke hapa mkiabudu kipimo, maana nitakuwa nimewatoa kwenye lebo moja na kuwatia kwenye nyingine. Kufaulu jaribio la 301 si ruhusa ya kumwaga. Jaribio hufanyika katika chupa yenye oksijeni. Sehemu kubwa ya mji wetu haijaunganishwa na mfumo mkuu wa majitaka. Maji ya kufulia huenda shimoni, au kwenye mfereji, na mfereji huenda bondeni, na mabonde ya Kigali huishia kwenye kinamasi cha Nyabugogo. Ndani ya choo cha shimo na chini ya matope ya kinamasi oksijeni ni haba au haipo. Ile dutu yenye mnyororo ulionyooka, iliyoikomboa mito ya Ujerumani kwa kuwa huliwa upesi penye hewa, haiozi vizuri pasipo hewa. Kuna mwongozo mwingine wa OECD, namba 311 wa mwaka 2006, unaopima jambo hilo hasa, uozo bila oksijeni. Kwa mji wa mashimo kama wetu, nashangaa kwa nini swali hilo si la kwanza kuulizwa.

Tena kuoza kwenyewe kuna bei. Muulizeni yeyote aliyekulia karibu na kituo cha kuoshea kahawa. Maji yatokayo hapo, yenye sukari na nyama ya tunda la kahawa, hayana kemikali ya kigeni hata moja, nayo huoza upesi kuliko sabuni yoyote. Yakimwagwa kijitoni bila kusafishwa, bakteria hufanya karamu, huimaliza oksijeni ya maji, na samaki hufa kwa kukosa pumzi. Kwa lugha ya lebo zetu, maji hayo yangeuzwa kama rafiki mkubwa wa mazingira. Kilichoua ni wingi wake na kasi yake katika kijito kidogo, ndiyo sababu lebo inayosema huoza na kuacha kusema mimina kidogo inasema nusu ya jambo.

Na fosfeti, zilizomo katika baadhi ya sabuni za unga, hazihusiki na mtihani huu kabisa. Kipimo cha 301 ni cha dutu zenye kaboni. Fosfeti ni mbolea, nayo haina cha kuozeshwa. Huteremka na Nyabugogo hadi Nyabarongo, na Nyabarongo hadi Akagera, na Akagera hadi Ziwa Viktoria. Gugu-maji lililolisumbua ziwa hilo katika miaka ya 1990, likafunga bandari na kuwanyima wavuvi njia, liliingia kwa kiasi kikubwa kupitia mto huohuo mwishoni mwa miaka ya 1980, na gugu hilo hunenepa kwa mbolea ya namna hii. Kwa hiyo pakiti inaweza kusema kwa haki kabisa kwamba dutu yake ya povu imefaulu asilimia 60, na bado ikawa inawalisha magugu majirani zetu wa Mwanza na Bukoba.

Nini basi ninachodai? Shirika la Viwango la Rwanda lina alama yake ya S, ambayo wengi wenu mnaijua kwenye pakiti za unga na chupa za maji. Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ya Rwanda ina mamlaka juu ya kinachoingia katika mito. Wawili hao wanaweza kukubaliana juu ya kanuni moja fupi: maneno huoza, huvunjika, rafiki wa mazingira na ndugu zake yasionekane kwenye bidhaa ya kusafishia isipokuwa pameandikwa, kwa herufi za ukubwa uleule, ni kiungo kipi kilichopimwa, kwa mbinu ipi, kilifikia asilimia ngapi na kwa siku ngapi. Sipendekezi bidhaa iondolewe sokoni. Napendekeza inyang'anywe kivumishi mpaka ilete namba. Na kwa kuwa sabuni huvuka Gatuna na Rusumo kila siku bila kujali bendera, kanuni hiyo ingefaa kuwa ya Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki, iandikwe kwa Kiswahili ambacho muuzaji na mnunuzi wote wanakisoma. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi hapa kwetu. Lugha rasmi inatakiwa iweze kubeba ushahidi, si salamu na hotuba tu.

Kwa walio na shaka kwamba sentensi kama hiyo inaandikika, nimejaribu mwenyewe. Dutu ya povu iliyomo katika sabuni hii iliozeshwa na bakteria wa majitaka kwa asilimia kadha wa kadha ndani ya siku 28, kwa mbinu ya chupa iliyofungwa, penye oksijeni; rangi na manukato havikupimwa. Ni maneno 32 tu. Yanaenea kwenye chupa ya nusu lita. Angalieni kitenzi chake: kina kiambishi cha nafsi, kina wakati, kiko katika kauli ya kutendwa, na mtenda ametajwa.

Kazi yenu ya nyumbani ni hii. Nendeni jikoni na bafuni kwenu, mnakili kila sentensi inayohusu mazingira iliyoko kwenye chupa na pakiti, kwa lugha yoyote iliyoandikwa. Zilizo kwa Kiingereza, Kifaransa au Kinyarwanda zitafsirini kwa Kiswahili sanifu. Kisha mpigie mstari kila neno linalojibu swali nani, lini, wapi au kiasi gani. Jumatatu tutahesabu mistari.